Upepo Mmoja, Pinde Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Timu Mseto Katika Mechi ya Kuwania Shaba

Kuhusu kisa hiki

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika mashindano ya kimataifa ya kurusha mishale, kwenye mechi ya kuwania medali ya shaba ya timu mseto kwa upinde wa rikavu, yaani ule ambao ncha zake mbili zimepinda kuelekea mbele. Nilikuwa mmoja wa benchi la ufundi. Kazi yangu ilikuwa kuandika mahali kila mshale ulipotua, sekunde zilizotumika, na hali ya upepo kama bendera ndogo iliyo juu ya shabaha ilivyoionyesha. Nimeondoa majina, nchi, mwaka na mji, na alama za hatua ya awali nimezitaja kwa makadirio tu, ila alama za mechi yenyewe ni zile zilizomo katika daftari langu. Warushaji wetu wawili nitawaita Dada na Kaka, kama walivyozoea kuitana wenyewe, na mwalimu wao nitamwita Kocha. Wote watatu wamelisoma andiko hili na wameridhia litumike kufundishia.

Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu kwa sababu maelezo yaliyotolewa mara tu baada ya mechi hayakuwa ya kweli. Ilisemwa kwamba Dada alizidiwa na ukubwa wa uwanja: yeye ndiye aliyepiga mshale mbaya kuliko yote, na yeye ndiye aliyepewa kadi ya njano. Daftari langu linasimulia jambo jingine. Linaonyesha taarifa sahihi iliyopokelewa na mtu ambaye haikumfaa, kisha linaonyesha jinsi uamuzi mzuri wa kurekebisha hali hiyo ulivyozaa tatizo ambalo hatukuwa tumelifanyia mazoezi hata siku moja.

Usuli

Timu mseto ni mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wa nchi moja, wanaorusha kutoka mita 70 kwenye shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122, ambayo duara lake la alama 10 lina kipenyo cha sentimita 12.2. Kila seti ina mishale minne, miwili kwa kila mrushaji, na timu nzima hupewa sekunde 80. Anayeshinda seti hupata pointi 2, wakitoka sare kila upande hupata 1, na timu ya kwanza kufikisha pointi 5 ndiyo mshindi. Seti ni nne tu. Zikimalizika kwa 4–4, kila mrushaji hupiga mshale mmoja wa kuvunja sare, na jumla zikilingana tena, hushinda timu yenye mshale uliotua karibu zaidi na kitovu. Msomaji aikumbuke kanuni hii ya mwisho, kwa kuwa itarudi.

Ufupi huo ndio unaoufanya mchezo huu kuwa mkali. Uliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo 2020, michezo iliyofanyika mwaka 2021, na Korea Kusini ikaishinda Uholanzi 5–3 katika fainali. Miaka mitatu baadaye, huko Paris 2024, Korea Kusini hiyo hiyo iliondoka na dhahabu, lakini mechi yake ya kwanza, dhidi ya Taipei ya China, ilimalizikia kwenye mishale ya kuvunja sare. Ikiwa timu yenye kina kama hicho inaweza kufikishwa ukingoni na mishale michache, basi kwa timu ya kawaida kosa moja la mawasiliano lina uzito wa seti nzima.

Hatua ya awali, ambayo kila mrushaji hupiga mishale 72, Dada alimaliza na alama takriban 640 na Kaka takriban 660. Walikuwa bora zaidi kwa upande wa wanawake na wa wanaume katika timu yetu. Kocha alikuwa na nafasi ya kumbadilisha Dada kwa kuwaarifu waamuzi kabla ya muda uliowekwa, na alishauriwa amweke binti mwingine mwenye upinde mzito zaidi, yaani unaohitaji nguvu zaidi kuuvuta, kwa hoja kwamba upepo ulitabiriwa. Alikataa, akisema kwamba Dada na Kaka walikuwa wamepiga pamoja kwa miezi, na mazoea ya wawili hayanunuliwi asubuhi ya mechi. Nilikubaliana naye wakati ule, na bado ninakubaliana naye.

Hata hivyo, suala la uzito wa upinde ndilo lenye kiini cha kisa hiki. Dada alikuwa akivuta takriban paundi 40 na Kaka takriban 48. Mshale utokao kwenye upinde mwepesi huenda polepole zaidi, hukaa hewani muda mrefu zaidi, na kwa hiyo upepo wa ubavuni hupata muda mrefu zaidi wa kuusukuma. Baadaye tulikuja kupima na kuona kwamba upepo ule ule uliosukuma mshale wa Kaka sentimita 6, ambao ni upana wa duara moja la shabaha, ulisukuma wa Dada takriban sentimita 9. Siku ya mechi hatukuwa na kipimo hicho. Kila mmoja wetu alilijua jambo lenyewe kwa ujumla, kama mtu anavyojua kwamba maji ya kina ni hatari, lakini hakuna aliyekuwa amelitia katika hesabu.

Jambo la mwisho la usuli ni uwanja. Mechi za mchujo zilipigwa kwenye uwanja mpana wa mazoezi, timu zote mbili zikirusha kwa wakati mmoja. Mechi za medali zilihamishiwa kwenye uwanja wa fainali uliozungukwa na majukwaa ya watazamaji, na huko timu hurusha kwa kupokezana: warushaji wawili wa timu moja hupiga mshale mmoja mmoja, saa yao inasimamishwa, wapinzani wanapiga miwili yao, kisha zamu inarudi. Majukwaa yalikinga mstari wa kurushia. Mtu aliyesimama pale hakuhisi upepo usoni, ilhali bendera iliyokuwa juu ya shabaha ilikuwa ikijaa na kulala kila baada ya sekunde chache.

Mfuatano wa matukio

Wapinzani walikuwa juu yetu katika hatua ya awali, hivyo walikuwa na haki ya kuchagua nani aanze, nao wakatutaka sisi tuanze. Kwetu Dada alipiga kwanza na Kaka wa pili, kama ilivyokuwa tangu mechi ya kwanza ya mashindano. Seti ya kwanza ilipigwa katika upepo hafifu: 9 na 9, kisha 8 na 10, jumla 36. Wapinzani walipata 37. Hapakuwa na la kulalamikia.

Timu iliyo nyuma kwa pointi ndiyo huanza seti inayofuata, kwa hiyo tulianza tena. Dada alipokuwa amekwisha kuuvuta upote hadi kidevuni, bendera ilijaa ghafla kuelekea kulia. Aliachia. Mshale ulitua kwenye 7, kulia kwa kitovu, umbali wa sentimita 20 hivi. Kocha, aliyekuwa kwenye darubini, alimwambia Kaka aliyekuwa akisogea mbele: "Saba kulia. Lenga saba kushoto."

Kaka alifanya kama alivyoambiwa. Alilenga kwenye duara la 7 upande wa kushoto, akavuta vizuri, na mshale wake ukatua kwenye 8 upande wa kushoto. Aligeuka na kumtazama Kocha kwa mshangao ambao bado ninaukumbuka, kwa sababu alijua kwamba ameuachia mshale ule kwa usafi. Kocha alimwambia: "Umevuta pembeni." Wapinzani walipiga 9 na 8. Zamu yetu iliporudi, Dada alilenga kushoto kwa kipimo chake mwenyewe na kupata 9. Kaka, ambaye sasa hakuwa na imani na kulenga pembeni wala na mkono wake, alilenga kitovuni wakati bendera imejaa, na mshale ukatua kwenye 8 upande wa kulia. Jumla yetu ilikuwa 32. Wapinzani waliongeza 9 na 8 wakafikia 34, na tukawa nyuma 0–4.

Kabla ya seti ya tatu Kocha alibadilisha mpangilio: Kaka apige kwanza, Dada wa pili. Sheria inaruhusu timu kujipanga itakavyo mradi kila mmoja apige idadi yake. Kaka alipata 9, Dada 9, Kaka 10, Dada 9. Jumla ilikuwa 37 dhidi ya 35 za wapinzani, na pointi zikawa 2–4.

Seti ya nne tulianza sisi tena. Zamu ya kwanza ilizaa 9 ya Kaka na 10 ya Dada, lakini ilikula sekunde 44, kwa kuwa wote wawili walisubiri bendera ilale. Zilibaki sekunde 36. Kaka alipiga 10, na kwa kuwa mshale ulikuwa mzuri alibaki amesimama kwenye mstari akiutazama. Dada aliusikia mshale ukigonga shabaha, akaingia. Kanuni inasema kwamba mrushaji mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuwa mbele ya mstari wa mita 1 ulio nyuma ya mstari wa kurushia, na Kaka alikuwa bado hajautoka. Mwamuzi aliinua kadi ya njano. Dada alilazimika kurudi nyuma ya mstari na kuingia upya. Kwa hesabu yangu tulipoteza sekunde 6. Aliachia mshale wake zikiwa zimebaki sekunde 3, akapata 8. Jumla ilikuwa 37.

Wapinzani walifika kwenye mshale wa mwisho wakiwa na 28 na wakihitaji 9 tu ili wapate sare ya seti na ushindi wa mechi. Walipiga 8. Ikawa 4–4.

Kwa kuwa sisi ndio tuliofungua mechi, sisi tulianza kuvunja sare. Kocha aliwaambia maneno machache: "Tisa mbili zinatosha. Msilenge mbali." Kaka alipata 9 na Dada 9, mishale yote miwili ikiwa kulia kidogo kwa kitovu. Wapinzani walipata 10 na 8. Jumla zililingana kwa 18, na 10 yao, iliyokuwa karibu na kitovu kuliko mshale wetu wowote, iliwapa medali.

Maamuzi na sababu zake

Inafaa kueleza kila uamuzi kwa macho ya aliyeufanya, kwa sababu hakuna hata mmoja uliokuwa wa kizembe.

Kocha alimpa Kaka maelekezo ya moja kwa moja kwa kuwa sekunde 80 hazitoi nafasi ya mazungumzo, na uzoefu wake wa miaka mingi ulikuwa wa mashindano ya mtu mmoja mmoja. Huko mshale uliotangulia na mshale unaofuata hutoka kwenye upinde ule ule. Ukipiga 7 kulia, unalenga 7 kushoto, au unazungusha skrubu ya kifaa cha kulengea kwa kiasi hicho. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa mahali pake. Kosa lilikuwa kuihamishia kwenye pinde mbili.

Kubadilisha mpangilio kulitokana na hoja mbili alizonieleza usiku ule. Kwanza, Kaka alikuwa amepoteza imani na maelekezo, na kumweka wa kwanza kungemfanya apige bila kupokea maelekezo ya mtu yeyote. Pili, Kocha aliamini kwamba Kaka akitangulia kwa kasi yake, Dada angepata muda mrefu wa kusubiri upepo utulie. Hoja ya kwanza ilikuwa na nguvu, na nitaonyesha kwamba ya pili haikuwa na msingi.

Kuhusu kuvunja sare, Kocha alihofia mshale mmoja wa 7 kuliko alivyotamani mmoja wa 10. Seti ya pili ilikuwa bado imo kichwani mwake.

Matokeo

Tulimaliza nafasi ya nne. Katika kikao cha jioni lawama zilimwendea Dada, kwa mshale wa 7 na kwa kadi. Kaka aliambiwa arekebishe mwachio wake. Siku tatu baadaye nililinganisha daftari na picha za video na kuomba kikao kingine, na Kocha, kwa heshima kubwa ambayo ninataka iandikwe hapa, alikiitisha mwenyewe na kuanza kwa kusema kwamba yaliyosemwa jioni ile yafutwe.

Uchambuzi: mshale wa pili wa seti ya pili

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu mechi iligeukia kwenye mshale huu wala si kwenye ule wa 7 uliotangulia.

Video inaonyesha kwamba Kaka alivuta hadi klika ikalia, yaani kile kibati chembamba kinachomjulisha mrushaji kwamba mshale umefika kipimo chake kamili, na kwamba mkono wake wa nyuma ulikwenda moja kwa moja kando ya shingo. Hakuvuta pembeni. Mshale ulikwenda pale alipoulenga, ukapunguziwa na upepo kidogo kuliko ilivyotarajiwa.

Hesabu yake ni hii. Mshale wa Dada ulisukumwa sentimita 20. Katika upepo ule ule mshale wa Kaka ungesukumwa theluthi mbili ya hapo, yaani sentimita 13. Kwa kulenga sentimita 20 kushoto alikuwa tayari amezidisha kwa sentimita 7, hata kama upepo ungebaki vilevile. Lakini haukubaki. Bendera ilikuwa imelegea alipoachia, na upepo ukiwa nusu ya ule wa awali, mshale wake ulihitaji kusahihishwa kwa sentimita 6 au 7 tu. Ukitoa hizo kwenye 20 unapata takriban sentimita 13 kushoto kwa kitovu, na hapo ndipo duara la 8 lilipo. Kama angelenga kwa kipimo cha upinde wake, hata akikosea kuisoma bendera, angetua kwenye 9.

Kwa hiyo maelekezo ya Kocha yalikuwa na makosa mawili yaliyobebana. La kwanza ni la kipimo, kwa kuwa yalitumia lugha ya upinde mmoja kwa upinde mwingine. La pili ni la wakati, kwa kuwa yalieleza upepo wa sekunde 10 zilizopita kana kwamba ndio upepo wa sasa. Taarifa yenyewe, "saba kulia", ilikuwa ya kweli. Kilichoharibu ni amri iliyofuatia, "lenga saba kushoto", kwa sababu ilimnyang'anya Kaka kazi ambayo yeye peke yake ndiye angeweza kuifanya: kuutazama upepo wa wakati ule na kuubadilisha kuwa kipimo cha upinde alioushika.

Madhara makubwa zaidi yalifuata pale alipoambiwa amevuta pembeni. Mrushaji anayeambiwa kwamba mkono wake una kosa, ilhali mwili wake unamwambia kwamba hauna, hubaki bila kitu cha kushika. Mshale wake uliofuata aliulenga kitovuni, bendera ikiwa imejaa kabisa, na ukasukumwa sentimita zile zile 13 alizotakiwa kuzisahihisha. Kama mishale hiyo miwili ingekuwa 9 na 9 badala ya 8 na 8, seti ingeisha 34 kwa 34, pointi zingekuwa 1–3 badala ya 0–4, na kwa seti mbili tulizoshinda baadaye mechi ingeisha 5–3 kwetu. Ninajua kwamba hesabu za namna hii zina mipaka, kwani wapinzani wanaoongoza 3–1 hawarushi kama wanaoongoza 4–0. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba 7 ya Dada, iliyopigwa wakati upepo ulipozuka akiwa amekwisha kuvuta, haikuwa ndiyo iliyotukosesha medali.

Uchambuzi: mpangilio mpya

Kumtanguliza Kaka kulisaidia, na ni vigumu kupingana na 37 mbili mfululizo. Lakini hakukusaidia kwa sababu tuliyoidhani. Saa ya timu ni moja. Kwa daftari langu Kaka alitumia wastani wa sekunde 15 kwa mshale na Dada sekunde 24. Ukiwapanga vyovyote, mishale minne inakula sekunde 78. Dada hakupata hata sekunde moja ya ziada.

Kilichobadilika ni mwelekeo wa taarifa. Sasa ni Dada aliyekuwa akisikia mshale wa Kaka ulipotua, na kwake jambo hilo halikuwa geni. Alikulia katika klabu ambayo wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na tangu utotoni alikuwa akisikia wenzake wenye pinde nzito wakisema "tisa kulia" na yeye akiongeza moyoni, bila kufundishwa na mtu, kwa sababu alijua kwamba wake utakwenda mbali zaidi. Alikuwa na mazoea ya kuzidisha. Kaka hakuwa na mazoea ya kupunguza, kwa kuwa karibu maisha yake yote ya mchezo alikuwa amesimama kando ya wanaume wenye pinde kama wake. Tulipomuuliza Dada kuhusu hili alishangaa kwamba lilihitaji kuulizwa.

Hapo kuna funzo ambalo benchi letu halikuwa limelifikiria: ujuzi wa kubadilisha kipimo ulikuwamo ndani ya timu tayari, kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Uchambuzi: kadi ya njano

Kadi ilitokana na mpangilio mpya moja kwa moja. Katika mpangilio wa zamani Dada alitangulia, na Kaka aliyekuwa akisubiri alikuwa na desturi ya kutazama miguu yake ili aingie mara anapotoka. Zaidi ya hayo, Dada hurudi upesi na hatazami mshale wake. Mpangilio ulipogeuka, Dada aliyekuwa hajawahi kusubiri katika mechi alijipangia alama yake mwenyewe, nayo ilikuwa mlio wa mshale kugonga shabaha. Katika seti ya tatu ilifaa kwa bahati, kwa sababu Kaka aliondoka mara moja. Katika seti ya nne Kaka alibaki kuutazama mshale wa 10. Mshale hufika shabahani kwa muda unaozidi sekunde moja kidogo tu, na mtu anayekamilisha mwachio wake na kutazama hukaa kwenye mstari muda mrefu kuliko huo.

Hapakuwa na uzembe kwa upande wa Dada. Alifanya kwa akili yake kazi ambayo sisi tulitakiwa kumfundisha. Mazoezi yetu yote ya kupokezana yalikuwa ya mpangilio mmoja, na mpangilio wa pili tuliutumia kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya medali.

Uchambuzi: mishale ya kuvunja sare

Kauli ya "tisa mbili zinatosha" ilipingana na kanuni yenyewe. Jumla zikilingana, mshale mmoja bora ndio unaoamua, kwa hiyo 10 na 8 huzishinda 9 na 9. Anayetafuta usawa huanza akiwa amepunjika kidogo hata kabla ya kuvuta. Mishale yetu yote miwili ilitua kulia, kule upepo ulikokuwa ukisukuma, jambo linaloonyesha kwamba kila mmoja alisahihisha kwa kiasi pungufu kwa sababu ya kuambiwa asilenge mbali. Ni haki pia kusema kwamba 10 ya wapinzani ilikuwa mshale mzuri sana katika upepo ule, na huenda ingetushinda vyovyote vile.

Yaliyobadilishwa

Kwa siku nane zenye upepo wa ubavuni, Dada na Kaka walisimama mita 70 na kupiga kwa kupishana, wakilenga kitovuni bila kusahihisha lolote, huku nikipima mahali mishale ilipotua. Hapo ndipo tulipopata uwiano wa 3 kwa 2 nilioutumia katika andiko hili. Ni uwiano wa watu hawa wawili, kwa pinde hizi na mishale hii. Timu nyingine italazimika kupima wake, na yetu italazimika kupima upya siku mmoja wao atakapobadilisha uzito wa upinde.

Kocha aliacha kutoa amri na kubaki na taarifa mbili tu: mahali mshale ulipotua, na hali ya bendera wakati ulipoachiwa. "Nane kulia, bendera imejaa." "Tisa kulia, bendera imelala." Anayesikia huitazama bendera ya wakati wake na kuamua mwenyewe. Tulikubaliana pia kusema kulia, kushoto, juu na chini peke yake. Timu nyingi hutumia uso wa saa kueleza mahali, lakini kwa msemaji wa Kiswahili uso wa saa una mtego: mkono unapoelekea upande wa kulia juu ya namba 3, sisi tunasoma saa tisa, na katika makelele ya uwanja wa fainali si mahali pa kuuliza mtu anahesabu kwa desturi ipi.

Kupokezana kulipewa neno moja. Anayerudi husema "Pita" miguu yote miwili ikiwa nyuma ya mstari wa mita 1, na anayesubiri haondoki kabla ya kulisikia, hata kama mwenzake anaonekana amekwisha kutoka. Mshale unabaki ndani ya podo mpaka mrushaji afike kwenye mstari wa kurushia, kama kanuni inavyotaka. Mipangilio yote miwili hufanyiwa mazoezi kwa idadi sawa.

Jambo moja halijaafikiwa. Kocha anataka Kaka atangulie daima. Mimi ninaona kwamba, sasa Kaka akiwa amejifunza kupunguza, Dada atangulie pale upepo unapokuwa wa vishindo, kwa kuwa mshale wake huusema upepo kwa sauti kubwa zaidi. Tumeamua kuendelea kupima.

Katika mashindano mawili yaliyofuata timu haikupata kadi hata moja. Haikupata medali pia. Katika robo fainali ya mashindano ya pili ilitolewa 2–6 na timu iliyopiga vizuri kuliko yetu tangu mshale wa kwanza. Katika seti pekee tuliyoshinda siku hiyo, Dada alipiga 8, na Kocha akasema: "Nane kulia, bendera imejaa." Kaka aliitazama bendera, ikawa bado imejaa, akalenga kwenye 9 upande wa kushoto, akapata 10.